Baba mkwe anasema nimeleta mizimu kanisani

Mpendwa Mshauri,

Shikamoo. Mimi ni mama wa miaka 34, mwalimu wa shule ya msingi, na huu ni mwaka wa tatu nikiwa mlezi wa vijana katika kanisa letu hapa Morogoro. Vijana wangu ni kama 40, wa miaka 14 hadi 21. Tunakutana Jumapili ya mwisho wa mwezi, saa nane mchana, ukumbini. Tangu Januari nimeanzisha utaratibu wa kuangalia muvi moja kisha kuijadili kwa Neno. Nilichoka kuwasikia wakisimuliana muvi za banda umiza, vile vibanda vya video vya mtaani, kwa bashasha ambayo sijawahi kuiona wakisimulia Injili.

Mwezi uliopita nilileta Black Panther, ile ya 2018. Niliichagua kwa sababu karibu waigizaji wote ni weusi wenzetu, mfalme ana busara, na mimi nilitaka somo la umoja. Flashi nilijaziwa na kijana wa duka moja la mjini kwa shilingi 1,000. Nilipoiwasha ndipo nikagundua ni ya kutafsiriwa, ile yenye sauti ya mtafsiri juu ya sauti za waigizaji. Nikaona si neno, Kiingereza cha wengi wao kinayumba.

Kuna kipande ambapo mfalme mpya ananyweshwa dawa ya ua, anafukiwa mchangani, halafu anazinduka mbugani usiku na kukutana na baba yake aliyekufa. Hapo mtafsiri alikuwa amenogewa. "Huyo kashuka kwa mizimu! Mizimu ya ukoo inampokea!" Vijana wakashangilia. Nageuka mlangoni, kofia mkononi, kasimama baba mkwe wangu.

Baba ni mzee wa kanisa. Alisimama kama dakika kumi, akaondoka bila neno. Kwao walikuwa watu wa matambiko, akabatizwa akiwa kijana na kutengwa na ukoo kwa ajili hiyo. Si kwamba hapendi filamu. Hata leo husimulia alivyoiona filamu ya Yesu uwanjani usiku, na watu wakilia. Lakini Jumatano kwenye baraza la wazee alisema mkewe mwanawe ameleta mizimu kanisani. Mchungaji hajanifungia. Amenipa hadi mwisho wa mwezi nipeleke maelezo ya maandishi: kwa nini muvi, na zitaendeshwaje. Mume wangu anasema, "Baba ni baba, achana na muvi, wafundishe kwaya." Mimi nasema wakizikosa kwangu wataziona bandani tu.

Jambo la mwisho. Siku ile kwenye mjadala, kijana mmoja wa miaka 17, aliyebatizwa Pasaka ya mwaka jana na ambaye kwao bado wanatambika, aliuliza: "Mwalimu, babu yangu alikufa hajabatizwa. Bibi anasema anatuona. Sasa yuko wapi?" Ukumbi ukawa kimya. Nikasema tutaliongea siku nyingine, nikafunga kwa sala. Hajaonekana Jumapili mbili.

Niache? Niendelee? Nionyeshe filamu za Biblia peke yake? Na je, kweli nimemkosea Mungu?

Mkaza Mwana, Morogoro

*

Marahaba, Mwalimu.

Umefunga mambo matatu furushi moja. Kuna muvi yenyewe, kama ilistahili kuingia ukumbini. Kuna baba mkwe, ambaye kwako ni mzee wa kanisa na mzazi kwa wakati mmoja. Na kuna kijana aliyeuliza akakosa jibu. Huyu umemweka mwisho kabisa wa barua, na mara nyingi linaloandikwa mwisho ndilo lililomkosesha mtu usingizi.

Tuanze na hofu yako, kama umewapeleka watoto kwa mizimu. Paulo, akiwaandikia Wakorintho juu ya nyama iliyotolewa kwa sanamu, alitenganisha mambo mawili. Katika sura ya 8 anasema sanamu si kitu, na nyama haitusogezi kwa Mungu. Katika sura ya 10 anakataza kabisa kuishiriki meza ya mashetani. Kinachotenganisha sura hizo ni kushiriki. Alasiri ile hakuna kijana wako aliyeomba kitu kwa wafu. Walimwangalia mwigizaji, marehemu Chadwick Boseman, akijifanya amefukiwa. Biblia yenyewe inatusimulia Sauli alivyojibadilisha mavazi akaenda Endori usiku kuulizia wafu, 1 Samweli 28, na sijasikia mtu akisema kuisoma sura hiyo kanisani ni kupiga ramli.

Ila sura ya 8 ina nusu ya pili. Paulo anamtaja ndugu ambaye mpaka juzi alikuwa akiila nyama ile kama kitu cha sanamu kweli, na akimwona mwenye ujuzi ameketi kula, dhamiri yake inavunjika. Kwa Paulo huyu ni mfano. Kwako ana miaka 17 na kiti chake kimekuwa kitupu Jumapili mbili. Kwa mtoto wa mjini, Wakanda, nchi ya mfalme yule wa muvi, ni ya kufikirika tu. Kwa huyu, kuongea na baba aliyekufa ni jambo linalofanyika nyuma ya nyumba ya bibi yake. Kabla ya kuuliza kama muvi fulani inaruhusiwa, uliza nani atakuwa ameketi mbele ya kitambaa siku hiyo.

Sasa baba mkwe. Unaandika kana kwamba alihukumu kitu asichokijua. Naomba uitilie shaka dhana hiyo. Wewe ndiye uliyesema filamu anaipenda. Ile ya Yesu, ya 1979, iliyofuata Injili ya Luka, imezungushwa duniani kwa lugha zaidi ya 2,000, na watu wa rika lake wengi waliiona ikiwa na jenereta inaunguruma pembeni. Hakulalamikia projekta. Alilalamikia kile kipande, na kwa haki yake, hakuota. Muvi inafunguka kwa masimulizi ya mungu-chui wa kike, Bast, anayemwongoza mfalme wa kwanza kwenye ua lile, na watu wa milimani, Wajabari, wanamtukuza Hanuman, mungu-nyani. Ibada imo. Na mtu aliyetengwa na ukoo kwa kukataa matambiko anaiona pale ambapo mimi na wewe tunaona mapambo ya hadithi.

Sehemu moja lakini alipotoshwa, na uliyempotosha ni wewe na flashi yako. Neno "mizimu" lilitoka kwa mtafsiri. Muvi yenyewe inazungumzia wahenga, na mfalme haendi kuwatolea kitu wala kuwaomba mvua. Watafsiri wetu ni wasanii, nami sina ugomvi nao, lakini kazi yao ni kuchangamsha banda. Mtafsiri anaongea juu ya sauti za waigizaji, anaongeza utani, anaruka maneno ya taratibu ili awahi mapigano. Kwa kuburudika hiyo haina tatizo. Kwa mjadala ni balaa, maana mnajadili maneno ya mtafsiri mkidhani ni ya muvi.

Na angalia kinachoweza kuwa kimemezwa. Mfalme huyo, T'Challa, anakwenda kwa wahenga mara mbili. Mara ya kwanza anapiga magoti, baba yake anamwinua, furaha tupu. Mara ya pili anakwenda akiwa amefunikwa theluji, baada ya kujua siri: baba yake alimuua ndugu yake mwenyewe kule Oakland, Marekani, mwaka 1992, akamwacha mtoto wa marehemu yatima ili siri isivuje. Mtoto huyo ndiye aliyekua akawa Killmonger, adui. Safari hii mwana hapigi magoti. Anamuuliza baba yake kwa nini alimwacha mtoto, kisha anawageukia wahenga wote waliosimama pale na kuwaambia kwamba walikosea, wote, kwa kuupa ulimwengu mgongo. Baba anamsihi abaki nao, naye anakataa, anarudi kwa walio hai.

Umeona, Mwalimu? Muvi inayoshitakiwa kuwa imewainua wahenga ina mwana anayesimama mbele yao na kuwaambia wametenda dhambi. Hapo kuna Ezekieli 18 nzima: zile zabibu kali walizokula baba na ganzi iliyoingia meno ya watoto. Uliichagua muvi kwa somo la umoja. Naogopa ulilileta somo kutoka nyumbani ukalivalisha muvi, na muvi ikakushtukia. Inatutokea sana tunapotafuta "funzo la Kikristo" kabla ya kusikiliza hadithi inasema nini.

Upande wa pili wa kosa hilo ni kumtafuta Yesu kila pembe. T'Challa anatupwa kwenye maporomoko, anadhaniwa amekufa, anarudi. Vijana wako watasema amefufuka kama Bwana. Usiwaache hapo. Hakufa, mvuvi alimwokota akiwa hajitambui. Na anaporudi, anarudi kupigana na binamu yake hadi anamchoma kisu, kisha anamtolea kuponywa, naye anakataa. Waulize wapi hafanani na Kristo, mjadala utawaka. Ukiuliza wapi anafanana, utapata jibu moja na makofi.

Ukiamua kuendelea, matayarisho yana uzito kuliko siku yenyewe. Iangalie muvi mara mbili, ya kwanza bila kalamu, ya pili ukiwa na saa na daftari, uandike dakika ya kila kipande unachokitaka na maneno yake kwa Kiswahili chako. Usiionyeshe yote. Black Panther ni saa mbili na dakika 14. Ukianza saa nane na nusu baada ya sala na matangazo, saa kumi na moja inakukuta na watu wenye njaa, na mjadala wa dakika kumi na tano ambao wavulana wawili watauteka. Vipande vitatu vya dakika tatu hadi tano vinatosha: mfalme akipiga magoti, Killmonger akiwa chumbani na baba yake, mfalme akiwakemea wahenga. Hicho cha katikati kinasahaulika, nacho ndicho kinachouma. Mbuga hamna, ni chumba kilekile cha Oakland alipokulia, na baba anamuuliza mbona hana machozi kwa ajili yake.

Halafu wagawe makundi ya watu wanane wanane, kila kundi na kijana mkubwa wa kuliongoza uliyekaa naye siku moja kabla. Mpangilio wa maswali usiugeuze. Kwanza, umeona nini na umesikia nini, bila maoni. Pili, hadithi hii inadhani tatizo la dunia ni nini, nani anaweza kulitatua, na kwa gharama gani. Tatu ndipo Maandiko. Ukianza na Maandiko, vijana waliokulia kanisani watakupa majibu ya Sunday school, Yesu, sala, upendo, na hakuna atakayekuwa amesema anachofikiri. Maswali mengine yaandikwe kwenye vikaratasi bila majina. Kile utakachoshindwa kukijibu, tangaza siku utakayokirudia, kisha ukirudie kweli. "Siku nyingine" haina tarehe, na vijana wanajua hivyo.

Njia nyingine ni kujadili muvi bila kuionyesha, maana wengi wameshaiona. Haihitaji projekta wala umeme, na hakuna atakayesema kanisa limeonyesha kitu. Ila wasioiona watabaki watazamaji wa mazungumzo, na wenye vipaji vya kusimulia watawatungia muvi mpya. Njia hii inakuondolea pia tatizo moja ambalo hukulitaja: kuonyesha filamu hadharani ni haki ya mwenye kazi chini ya sheria ya hakimiliki ya 1999, na flashi ya shilingi 1,000 haikupi haki hiyo. Akaunti ya muvi uliyolipia nyumbani nayo ni kwa matumizi ya nyumbani. Kama utaonyesha, hata vipande, kaulize Ofisi ya Hakimiliki, COSOTA, kabla mzee mwingine hajakuuliza juu ya amri ya "Usiibe."

Filamu za Biblia peke yake? Zitatuliza baraza. Lakini nazo zina watunzi: zinaweka maneno vinywani mwa mitume, zinachagua sura, rangi na machozi. Vijana wakiziona bila kujadili, baada ya muda watakunukulia filamu wakidhani wananukuu Luka. Hapo pia kazi ni ileile.

Kuacha kabisa si aibu, nisieleweke vibaya. Ila kuna hoja moja uliyompa mumeo ambayo ningekuomba usiipeleke kwa mchungaji, kwamba "wataziona bandani tu." Kwa hoja hiyo tungefungua na baa ukumbini. Bandani wanaona, ni kweli. Swali ni kama wana mtu wa kukaa naye baada ya kuona, na kama mtu huyo lazima awe wewe, mwezi huu, kwa muvi hii.

Kuna pia kuomba baraza liteue mtu wa kupitia kila muvi mbele yako. Itakulinda. Hatari yake ni kwamba aliyeteuliwa akiwa hana muda, mtasubiri kibali miezi, na vijana watajifunza kwamba maswali yao yana mhuri. Mkikubaliana njia hiyo, omba siku maalumu za kujibiwa, mathalani wiki mbili.

Maelezo ya mchungaji yawe ukurasa mmoja. Jina la muvi, urefu, vipande, yaliyomo ya kutia shaka yatajwe bila kuficha (damu, ibada, mavazi), umri wa chini, maswali, mistari ya Biblia, na tangazo kwa wazazi wiki moja kabla. Weka Matendo 17, lakini uisome yote. Tunapenda kumnukuu Paulo pale Areopago akitumia shairi la Wagiriki, "Maana sisi sote tu wazao wake," shairi la Arato ambalo lilimhusu Zeu, mungu wao. Tunaruka aya ya 16, kwamba kabla ya yote roho yake ilichukizwa kuona mji umejaa sanamu. Baba mkwe wako ana ile aya ya 16. Wewe una ya 28. Sura ni moja.

Kwake usiende kama mlezi wa vijana kwenda kwa mzee wa kanisa, na usisubiri mkutane barazani. Mkaza mwana akishinda hoja mbele ya wazee ameshindwa nyumbani. Mwombe mumeo muende wote, jioni, kwa salamu za kawaida. Mumeo atakuwa katikati na hatapenda, kwa hiyo asibebeshwe maneno. Kazi yake ni kukaa tu pale. Kama kuna jambo la kuombea radhi, lipo: flashi hukuijaribu kabla. Hilo unaweza kulisema bila kuisaliti kazi yako. Kisha muulize kilichomchoma zile dakika kumi, usikilize mpaka mwisho. Huenda akabaki na msimamo wake. Huenda pia asitake kuongea siku hiyo, na mtakunywa chai mrudi.

Na kijana. Swali lake ni mawili: babu yuko wapi, na je, anatuona. Si swali la aibu wala la mtoto. John Mbiti, mwanateolojia wa Kenya, aliwaandika "wafu walio hai," yaani marehemu ambao jamaa bado wanawakumbuka, mwaka 1969, na Padri Charles Nyamiti, Mtanzania, akaandika mwaka 1984 juu ya Kristo kama Mhenga wetu. Wapo walioona amefika mbali mno. Juu ya kuomba wafu, Kumbukumbu la Torati 18 iko wazi na unaweza kusema hivyo. Juu ya alipo babu, makanisa hayana kauli moja. Wengine watakupeleka kwenye Warumi 2, kuhusu sheria iliyoandikwa mioyoni. Wengine watashika tu lile la Ibrahimu katika Mwanzo 18, kwamba Mhukumu wa ulimwengu wote hatakosa kutenda haki. Muulize mchungaji kanisa lenu linafundisha nini kabla hujajibu, usije ukambebesha kijana maneno yatakayokanushwa. Lakini kumtembelea hakuhitaji jibu. Anza kwa kumuuliza babu alikuwa mtu wa namna gani.

Nimebaki na jambo moja nisilojua kama linawezekana kwenu. Baba mkwe wako naye alitoka nyumba ya matambiko. Bila shaka ana babu yake ambaye hakubatizwa, na swali la kijana huyu ameishi nalo tangu ujana. Anaweza kuwa mtu pekee ukumbini mwenu aliyewahi kulilipia. Anaweza pia kumkemea kijana akamalizia kumfukuza, na hilo wewe unamjua vizuri kuliko mimi. Ukiona inafaa, siku ile ya chai mweleze swali lilivyoulizwa, kwa maneno yaleyale ya kijana, bila kumtaja jina, bila kutaja muvi. Uone anafanya nini na kofia yake.